Kohechi kwa miguu, kutoka Koyasan hadi Hongu: mwongozo kamili wa siku nne milimani

Kila msimu kuna watembeaji wanaokatisha Kohechi siku ya pili, na kisa chake ni kilekile. Waliondoka saa tatu asubuhi badala ya saa moja, walikosa kitanda katika kijiji cha Miura-guchi wakajipangia kuunganisha hatua mbili kwa siku moja, au walidhani watapata duka njiani. Miguu huchoka, ndiyo, lakini mara nyingi safari huwa imeshaharibika kwenye kupanga malazi na saa ya kuondoka. Kwa hiyo mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwenye mambo hayo mawili.

Kohechi ni njia ya hija kwenye rasi ya Kii nchini Japani, mojawapo ya njia za Kumano Kodo. Inaanzia Koyasan, mji wa mahekalu ya Kibudha ulio juu mlimani kwa karibu mita 800, na kuishia Kumano Hongu Taisha, hekalu kuu la Kishinto. Ni kilomita zipatazo 70. Njiani unavuka migongo mitatu ya milima, kila mmoja ukiwa juu ya mita 1,000, na kila mara unateremka hadi bondeni kabla ya kupanda tena. Mahali pa kuvukia mgongo wa mlima Wajapani wanapaita toge, na utaona neno hilo kwenye vibao vyote.

Usiichanganye na Nakahechi, njia maarufu zaidi ya Kumano Kodo, yenye watu wengi, mabasi ya karibu na vijiji vya mara kwa mara. Kwenye Kohechi unaweza kutembea kutwa bila kukutana na mtu. Ukiingia msituni asubuhi, njia ya kutoka ni kumaliza hatua ya siku au kurudi ulikotoka. Aliyepanda Kilimanjaro naye asijidanganye, kwa sababu huku hakuna wapagazi wa kukubebea mzigo wala mpishi anayekungoja kambini.

## Unachohitaji

Mwilini na begini (begi zima pamoja na maji lisizidi kilo 8):

- Viatu vya mlimani vyenye soli ya meno, ulivyokwisha kuvitembelea kilomita 100 au zaidi. Viatu vipya ni malengelenge ya uhakika.
- Fimbo mbili za kutembelea, ncha zake zikiwa na vifuniko vya mpira. Chuma kinachimba njia ya kale na kinateleza juu ya mawe.
- Koti na suruali ya mvua. Mwamvuli peke yake hautoshi, na poncho hunasa kwenye matawi.
- Soksi jozi 3 za sufu au za kukauka haraka. Pamba ibaki nyumbani.
- Sweta jepesi la kuhifadhi joto, kofia na glavu nyembamba. Aliyezoea Mombasa au Tanga ataona baridi ya Aprili kwenye toge si mchezo.
- Kurunzi ya kichwani yenye betri za akiba, filimbi, na kengele ya dubu.
- Chombo cha maji cha lita 2, na chupa ya ziada ya nusu lita.
- Chakula cha akiba cha siku moja kisichohitaji moto: karanga gramu 200, tende gramu 200, biskuti, na pakiti 4 za chumvi ya ORS. Usibebe nyama kavu kutoka nyumbani. Japani hairuhusu kuingiza nyama bila cheti cha ukaguzi, hivyo itachukuliwa uwanja wa ndege.
- Plasta za malengelenge, bandeji ya kukaza goti, kibano cha kuondolea kupe, na dawa zako. Angalia dawa za mafua kabla ya kufunga begi, kwa kuwa zenye pseudoephedrine kwa wingi haziruhusiwi kuingia Japani.
- Mifuko mikubwa ya plastiki 2 ya kufungia nguo ndani ya begi. Kifuniko cha begi pekee hupitisha maji mgongoni.

Begi la kulalia na taulo havihitajiki. Nyumba za wageni hutoa godoro, taulo na vazi la kulalia.

Vya umeme: pawabanki ya mAh 10,000 na adapta. Soketi za Japani ni za tundu mbili bapa na umeme wake ni volti 100. Plagi ya Kenya, Tanzania au Uganda yenye miguu mitatu haiingii. Chaja nyingi za simu hukubali volti 100 hadi 240, lakini soma maandishi kwenye chaja yako.

Fedha: yen 40,000 hadi 50,000 taslimu kwa mtu mmoja ikiwa hukulipia malazi mapema. Zitoe kabla ya kuondoka Koyasan, kwenye mashine ya posta. Kadi haina kazi kwenye nyumba ndogo za bondeni.

Ramani: ramani ya nje ya mtandao iliyopakuliwa kwenye simu, pamoja na nakala ya karatasi. Kwa laini ya simu, mtandao wa Docomo ndio wenye nafuu milimani, ingawa nao hukatika kwenye mabonde kwa saa nzima.

## Hatua ya 1: Chagua msimu

Nyakati nzuri ni mbili: katikati ya Aprili hadi mwisho wa Mei, na Oktoba hadi mwisho wa Novemba.

Juni hadi katikati ya Julai ni masika yao, na rasi ya Kii ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kupita zote Japani. Agosti na Septemba kuna joto, vimbunga na mavu wakubwa wenye hasira. Kuanzia Desemba hadi Machi toge zinaweza kuwa na theluji na barafu, na nyumba nyingine hufungwa.

Tahadhari mbili. Wiki ya sikukuu za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, Wajapani nao wako safarini, na vitanda huisha mapema. Novemba nayo siku ni fupi: jua huzama karibu saa kumi na moja jioni, na chini ya mierezi giza huingia nusu saa kabla ya hapo.

## Hatua ya 2: Weka nafasi za kulala, ukianzia na kitanda kigumu

Hapa ndipo wengi huanguka. Mtu huanza na Koyasan kwa kuwa ndiko safari inakoanzia. Analipia hekalu, kisha anagundua hakuna nafasi Miura-guchi. Koyasan ina mahekalu zaidi ya 50 yanayolaza wageni, huku Omata na Miura-guchi zikiwa na nyumba chache sana, nyingine za vyumba vitatu au vinne, zinazoendeshwa na wazee.

Panga kwa mfuatano huu:

1. Miura-guchi (usiku wa pili wa njia). Tarehe yoyote utakayopata hapa ndiyo inayoamua tarehe nyingine zote.
2. Omata au jirani yake katika kijiji cha Nosegawa (usiku wa kwanza wa njia). Nyumba nyingine ziko kilomita kadhaa nje ya njia lakini huja kuchukua wageni kwa gari. Ulizia saa na mahali pa kuchukuliwa, uandike.
3. Totsukawa Onsen (usiku wa tatu). Kuna nafasi zaidi.
4. Koyasan (usiku wa kutangulia) na Hongu au Yunomine (usiku wa mwisho).

Tovuti ya Kumano Travel, inayoendeshwa na ofisi ya utalii ya Kumano ya mji wa Tanabe, inaweka nafasi kwa Kiingereza na kupokea malipo ya kadi. Anza miezi mitatu hadi sita kabla. Wakati wa kuweka nafasi omba chakula cha jioni, kifungua kinywa na bento ya mchana, yaani chakula cha kufungashiwa. Bila bento utakosa chakula cha mchana, kwa sababu duka la kununua chochote cha maana halipo mpaka Totsukawa Onsen.

Kuhusu chakula: kwa Mwislamu, au yeyote asiyekula nguruwe, andika kwa sentensi fupi wakati wa kuweka nafasi: hakuna nguruwe, hakuna pombe kwenye mapishi. Taja pombe waziwazi. Mchuzi mwingi wa Kijapani hupikwa na sake au mirin, na mwenyeji haoni kuwa hiyo ni pombe ya kunywa. Hata chakula cha watawa cha Koyasan, ambacho hakina nyama wala samaki, kinaweza kuwa nayo. Nyumba nyingine zitakujibu kwamba haziwezi. Jibu hilo chukua kwa shukrani, ubebe chakula chako.

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda wanahitaji viza, na ubalozi hutaka ratiba ya kila siku yenye mahali pa kulala. Kwa hiyo malazi kwanza, viza baadaye, ukisoma vizuri masharti ya kurudishiwa pesa.

Umefaulu ikiwa: una majina matano ya nyumba kwa usiku mitano mfululizo, na kila moja imethibitisha saa ya kufika na chakula.

## Hatua ya 3: Jipime kabla ya kununua tiketi

Tembea siku mbili mfululizo, kila siku kilomita 16 hadi 18, ukipanda si chini ya mita 700, na begi la kilo 8 mgongoni. Vilima vya Ngong kwenda na kurudi vinafaa. Milima ya Usambara kutokea Lushoto inafaa zaidi kwa sababu ya miteremko yake mirefu, nayo Kohechi huumiza magoti kwenye kuteremka kuliko kwenye kupanda.

Pima mwendo wako pamoja na mapumziko. Ukipata kilomita 2.5 kwa saa, hesabu za mwongozo huu zitakufaa. Ukiwa chini ya kilomita 2 kwa saa, nenda Nakahechi kwanza: Takijiri hadi Hongu ni kilomita zipatazo 38, na kuna basi la kukuokoa.

Umefaulu ikiwa: asubuhi ya siku ya tatu unashuka ngazi bila kushika ukuta.

## Hatua ya 4: Tanguliza sanduku, kisha panda Koyasan

Ukiwa Osaka, tuma sanduku lako kubwa kwa huduma ya kusafirisha mizigo iitwayo takkyubin hadi nyumba yako ya mwisho Hongu au Yunomine. Mapokezi ya hoteli hukujazia fomu. Andika tarehe ya kupokelewa, maana nyumba ndogo hazina stoo ya kukaa na mizigo wiki nzima.

Kutoka stesheni ya Namba panda treni ya Nankai hadi Gokurakubashi, kisha treni ya kamba inayokwea mlima hadi stesheni ya Koyasan. Hapo panda basi hadi Senjuinbashi, katikati ya mji. Usijaribu kutembea kutoka stesheni: barabara hiyo ni ya mabasi na waenda kwa miguu hawaruhusiwi.

Jioni hiyo fanya mambo manne: nunua chakula cha mchana wa kesho, toa pesa taslimu, uliza ofisi ya utalii kama kuna sehemu ya Kohechi iliyofungwa, na tembea hadi kibao cha kuanzia njia ili asubuhi usikitafute.

Tahadhari ya hekaluni. Ibada ya asubuhi huanza saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu, kisha ndipo kifungua kinywa. Ukifuata ratiba yote utatoka saa mbili na nusu, na hiyo ni kuchelewa. Siku moja kabla, mwambie mtawa wa mapokezi kwamba unatembea Kohechi hadi Omata na unataka kutoka mapema. Wanaijua safari hiyo. Wakishindwa kukupa chakula mapema, chagua kati ya ibada na kifungua kinywa.

## Hatua ya 5: Siku ya kwanza, Koyasan hadi Omata (karibu kilomita 17, saa 6 hadi 7)

Ondoka saa moja na nusu kwa kuchelewa kabisa.

Njia inapita karibu na hekalu la Kongo Sanmai-in, inapanda kidogo, kisha inafuata mgongo wa mlima na kuteremka hadi kijiji cha Otaki. Hadi hapo ni rahisi, na urahisi wake ndio unaowalaza watu. Baada ya Otaki unapanda hadi barabara kuu ya Koya-Ryujin. Utatembea juu ya lami kwa muda. Wikiendi pikipiki hupita kwa kasi kwenye kona. Magari ya Japani huendeshwa kushoto, kama Kenya na Tanzania, basi tembea upande wa kulia uyaone yakija.

Kosa la kawaida hapa ni kupita kibao cha kuacha lami kuelekea Mizugamine. Mtu ameinamisha kichwa, lami inamteleza vizuri, anakuja kushtuka yuko kilomita mbili mbele. Ukishaingia barabara kuu, washa ramani ya simu na uiache mkononi mpaka uingie tena msituni.

Kutoka Mizugamine utafuata njia za msitu na barabara za wakata mbao, kisha mteremko mkali hadi Omata.

Umefaulu ikiwa: uko Omata saa tisa alasiri, ukiwa na angalau robo lita ya maji iliyobaki.

## Hatua ya 6: Siku ya pili, Omata hadi Miura-guchi (karibu kilomita 16, saa 7)

Ondoka saa moja asubuhi. Siku hii haina mlango wa kutokea katikati.

Mwanzo ni saruji yenye mwinuko mkali kati ya nyumba za kijiji, kisha msitu. Tembea polepole kiasi cha kuweza kuzungumza. Ukihema kwa mdomo ndani ya dakika kumi za kwanza, punguza. Baada ya kibanda cha Kaya-goya mwinuko unapungua, na unafika Obako-toge baada ya saa tatu hivi. Hapo kuna kibanda cha dharura. Ni cha kujikinga na mvua au kulala ukiumia, na hakina mhudumu wala chakula.

Kutoka karibu na hapo kuna njia ya kupanda kilele cha Obako-dake, mita 1,344. Kwenye siku ya jua mandhari yake yanastahili jasho. Panda tu kama umefika kabla ya saa tano asubuhi na hakuna ukungu.

Sasa kaza akili. Upande wa kusini wa toge njia ni nyembamba na imechongwa kwenye ubavu wa mlima, na sehemu zake huporomoka baada ya mvua kubwa. Udongo wa Kii ni mzito wa maji: mnamo Septemba 2011 kimbunga kilichoitwa Talas kiliporomosha milima mingi katika kijiji cha Totsukawa, ambamo utakuwa unatembea siku hii na inayofuata. Ukikuta kamba imezuia njia na kibao cha kuzunguka, zunguka. Usivuke mporomoko kwa kufuata nyayo za mwenzio wa jana, maana jana udongo ulikuwa mkavu.

Jifunze kutambua maandishi haya kwa sura yake, ikiwezekana uyaandike kwenye karatasi ya mfukoni:

- 小辺路: Kohechi
- 熊野本宮: Kumano Hongu, unakoelekea
- 峠: toge
- 通行止: hakuna kupita
- 迂回路: njia ya kuzunguka

Mteremko hadi Miura-guchi ni mita zaidi ya 800. Fupisha hatua, piga magoti kidogo, tanguliza fimbo. Pumzika kwenye uwanda palipokuwa na nyumba ya wageni ya Uwanishi, halafu usisimame tena kwa muda mrefu, kwa sababu misuli iliyopoa hukataa kuteremka. Mwishoni kuna mawe yaliyotandikwa zamani, yenye kuvumwani. Yakiwa yamelowa, kanyaga kingo za udongo pembeni yake au weka wayo mzima juu ya jiwe; kisigino peke yake kitakuangusha. Majeraha mengi ya njia hii hutokea kwenye saa ya mwisho ya kuteremka.

Umefaulu ikiwa: uko kwenye nyumba yako kabla ya saa kumi alasiri. Chakula cha jioni huwa saa kumi na mbili kamili, na kuoga hutangulia chakula. Ukiona utachelewa na simu ina mtandao, piga. Mwenyeji asiyepata habari zako hadi giza ataanza kuita watu wa kukutafuta.

## Hatua ya 7: Siku ya tatu, Miura-guchi hadi Totsukawa Onsen (karibu kilomita 19, saa 7 hadi 8)

Kabla ya kuvaa soksi, kagua miguu. Pekundu panapouma ni lengelenge la mchana: bandika plasta sasa hivi.

Unavuka mto, unapita kwenye matuta ya mashamba, kisha mierezi mikubwa iliyopandwa zamani kukinga nyumba dhidi ya upepo. Juu zaidi kuna chemchemi ya Sanju-cho. Jaza chupa ukipenda, lakini usitoke asubuhi na chupa tupu ukiitegemea. Miura-toge iko karibu mita 700 juu ya kijiji ulicholala.

Mteremko unaishia Nishinaka, na hapo kuna kilomita 8 hivi za lami kando ya mto hadi Totsukawa Onsen. Watu huzidharau. Nyayo zilizolainishwa na jasho la siku tatu zikigonga lami ya moto kwa saa mbili, ndipo malengelenge hupasuka. Ukifika Nishinaka kaa chini, vua viatu kwa dakika 15, badili soksi, kaza kamba upya. Barabara yenyewe ni nyembamba, na kwenye kona gari halina pa kukukwepa.

Totsukawa Onsen ni kijiji cha maji moto ya chemchemi. Kuoga kuna taratibu: unajisafisha kwa sabuni ukiwa umekaa kwenye kigoda nje ya birika, unajisuuza, ndipo unaingia, bila nguo ya kuogelea na bila kuzamisha taulo. Asiyependa kuoga mbele ya watu aulize kama kuna bafu la faragha. Kaa dakika 10, toka, kunywa maji, rudi. Waliopungukiwa maji mwilini hupata kizunguzungu humo.

Hapa pia ndipo mahali pako pa kuamua. Basi la Nara Kotsu linalounganisha Yamato-Yagi na Shingu linapita Totsukawa Onsen na Hongu mara chache kwa siku. Goti likiwa limevimba, au utabiri ukitoa onyo la mvua kubwa, panda basi kesho. Siku ya nne ndiyo yenye mpando mrefu kuliko zote.

Umefaulu ikiwa: unalala saa tatu usiku, umeshaagiza bento na una nakala ya ratiba ya basi mfukoni.

## Hatua ya 8: Siku ya nne, Totsukawa Onsen hadi Hongu (karibu kilomita 15, saa 7)

Unaanzia karibu mita 150 na kupanda hadi juu ya mita 1,000. Toka saa moja kamili.

Baada ya kuvuka daraja la kuning'inia, ngazi za mawe zinakupeleka hadi kitongoji cha Hatenashi, kilichokaa juu ya mgongo wa mlima. Njia inapita kabisa kwenye nyua za watu. Salimia kwa kuinama kidogo, usiingie barazani, na usimpige mtu picha akiwa anavuna.

Kuanzia hatua hii utaona sanamu ndogo za mawe za Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibudha, 33 kwa jumla, zenye namba. Zinasaidia kujua umefika wapi ukungu ukishuka. Kwenye kibanda cha ibada cha Kannon-do kuna maji na choo. Jaza chupa, kwa kuwa mbele yake ni mpando wa mwisho hadi Hatenashi-toge, kisha mteremko mkali wa mawe na mizizi hadi Yagio. Kula bento juu, kabla ya kuteremka. Miguu iliyoishiwa nguvu hujikwaa.

Yagio unatokea barabara ya 168 na mto Kumano. Zimebaki kilomita 5 hivi. Fuata vibao hadi Sangen-jaya, ambapo Kohechi inaungana na Nakahechi. Utaanza kuona watu. Njia inaingia Hongu Taisha kwa upande wa nyuma.

Mbele ya hekalu, wenyeji huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huinama mara moja. Asiyeshiriki kwa sababu ya imani yake anasimama kimya pembeni, na hakuna atakayemshangaa.

Umefaulu ikiwa: umefika kabla ya saa tisa na nusu alasiri, na umebakiwa na muda wa kutembea dakika chache hadi Oyunohara, mahali hekalu lilipokuwa kabla ya mafuriko ya 1889. Lango lake lina urefu wa karibu mita 34.

## Yanayoharibika njiani, na la kufanya

Umepotea. Kama hujaona alama kwa dakika 15, simama. Rudi hadi alama ya mwisho uliyoiona. Usiteremke kufuata kijito: mabonde ya Kii huishia kwenye maporomoko ya maji.

Giza limekukuta. Washa kurunzi mapema, tembea nusu ya mwendo wako. Ukiwa huioni njia, kaa, vaa kila kitu, piga filimbi.

Wanyama na wadudu. Dubu weusi wapo lakini ni wachache. Kengele inatosha kuwapa habari kwamba unakuja. Mavu wakizunguka kichwa chako, usiwapungie mkono: inama na urudi nyuma polepole. Nyoka wa mamushi ana sumu na hupenda mawe yenye jua, basi angalia kabla ya kukaa. Jioni kagua kupe nyuma ya magoti na kiunoni.

Mvua kubwa. Ikitolewa tahadhari usiku, zungumza na mwenyeji kabla ya kutoka. Akisema usiende, usiende. Yeye anaujua mlima wake.

Umeumia. Ambulensi na zimamoto ni 119, polisi 110. Kabla ya safari jaza fomu ya mpango wa kupanda mlima, iitwayo tozan-todoke, na nunua bima inayotaja uokoaji milimani kwa maandishi.

## Ukishafika

Sanduku lako linakungoja kwenye nyumba ya mwisho. Yunomine Onsen ni safari fupi ya basi kutoka Hongu. Mabasi ya kwenda Kii-Tanabe huchukua kama saa mbili, na ya Shingu kidogo zaidi ya saa moja. Zote mbili zina stesheni ya treni. Basi la mwisho huondoka mapema jioni, kwa hiyo piga picha ya ratiba ukiwa bado kituoni.

Ikiwa umewahi kutembea angalau kilomita 100 za mwisho kuingia Santiago de Compostela nchini Hispania, Kohechi nzima inahesabika kwa cheti cha mahujaji wa njia zote mbili. Beba ushahidi wa Santiago na kitabu chako cha mihuri ya Kumano, kinachogongwa mihuri njiani, na uvionyeshe kwenye Kumano Hongu Heritage Center, mkabala na hekalu, siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi kabla ya basi.